Vyuma vya Mashua Kuukuu: Kutengeneza au Kubadilisha?

Mazungumzo na viongozi wa vikundi vya kujisaidia



Tumeombwa tuzungumze nanyi juu ya utunzaji wa vifaa vya mradi. Tungeweza kuzungumza juu ya mashine ya kusaga au tangi la maji, lakini wengi wenu mliofika leo ni watu wa pwani, na sisi wenyewe kwa miaka kadhaa sasa tumekuwa tukihangaika na mashua moja kuukuu. Basi tutawapa habari ya mashua hiyo. Ninyi wa kuku na wa mboga mliotoka bara, vumilieni kidogo. Hata kwenu kuna chuma kinacholika.

Kikundi chenyewe kiko kaskazini mwa Malindi. Kina wanachama 22, wanaume 14 na wanawake 8. Wanaume ni wavuvi. Wanawake karibu wote ni mama karanga, yaani wale wanaonunua samaki pale ufukweni, wakawakaanga na kuwauza. Mashua yao ina urefu wa futi 28, iliundwa Lamu, na walipoinunua ilikuwa imeshavua miaka mingi mikononi mwa watu wengine. Mbao zake ni nzuri hadi leo. Kila mwaka hupigwa kalafati, chini hupakwa deheni ya shahamu na chokaa, juu hupakwa sifa ya papa, vile vile walivyofanya babu zao. Ukiiona imelala mchangani ungesema chombo hiki hakina neno.

Januari 2023, siku za kaskazi kali, walikuwa wanarudi na samaki. Ndani walikuwa watu watano. Wimbi likaiinua mashua, ikatua kwa kishindo, na papo hapo bolti moja karibu na tezi ikang'oka. Foromali ikashuka yote kwa mara moja. Kijana aliyekuwa ameinama akikumba maji ikampiga begani, mtulinga ukavunjika. Tanga likawafunika wengine, mlingoti ukalalia mbele. Nahodha alikata kamba kwa kisu, wakatia nanga, wakakaa hapo wakirushwa huku na huku hadi jioni, mashua nyingine ilipowaona.

Kijana yule ndiye anayewalisha mama yake na wadogo zake watatu. Kwa miezi mitatu hakutia mguu baharini. Mashua nayo haikutoka muda wote wa kaskazi uliobaki, na ninyi mnajua kaskazi ndiyo msimu wa kupata. Mama karanga wanane walilazimika kununua samaki bandari nyingine, kwa bei ya watu wengine.

Yote hayo kwa sababu ya bolti moja isiyozidi urefu wa shibiri.

Kwa faida ya wale ambao hawajapanda mashua, tueleze jinsi ilivyofungwa. Tanga hufungwa kwenye mti mrefu unaoitwa foromali. Foromali hupandishwa mlingotini kwa kamba nene, henza, ambayo hupita kwenye gurudumu dogo kule kileleni. Gurudumu hilo ndilo roda. Henza ikishuka upande wa nyuma hufungwa kwenye kapi, na chini, kuelekea tezi, kuna kapi la pili. Kati ya makapi hayo mawili hupita kamba nyembamba zaidi, jarari, ikienda na kurudi, ili watu wawili watatu waweze kuinua mzigo ambao bila hivyo ungetaka watu wengi. (Haya si makapi ya mpunga, msicheke.) Sasa sikilizeni jambo hili. Tanga likishapanda, kazi ya jarari haijaisha. Inabaki imevutwa kwa nguvu kuelekea nyuma, nayo ndiyo inayozuia mlingoti usianguke mbele. Kwa hiyo uzito wa foromali, nguvu za upepo na mlingoti wenyewe, vyote vinaishia mahali pamoja: kwenye lile kapi la chini, na kwenye kitu kinacholishika kapi hilo ubaoni.

Katika vyombo vingi vya zamani kapi la chini hufungwa kwa kamba iliyozungushwa boriti nzima. Kamba ikilika, unaiona. Lakini mashua hii, mwenyewe wa kwanza au wa pili alitoboa ile boriti iliyokingama kutoka ubavu hadi ubavu, akatia bolti yenye pete, akaning'iniza kapi hapo. Ni njia nzuri, haikosi faida. Tatizo ni kwamba bolti huonekana kichwa na nati, na katikati yake haionekani.

Tulipoiokota ile bolti tulishangaa sote. Pete yake ilikuwa imara, imepakwa rangi juu ya rangi. Nati ilikuwepo. Lakini pale katikati, mahali ilipopita ndani ya boriti, ilikuwa imelika ikawa nyembamba kama kalamu ya risasi, na ilikatika hapo. Tundu lenyewe lilikuwa jeusi, na ubao wa kando yake ulichimbika kwa ukucha. Kutu haili chuma peke yake. Chuma kikioza ndani ya ubao wenye unyevu, na ubao unaokizunguka nao unaharibika, unakuwa mweusi na laini. Mvuvi mmoja akasema, "Kumbe tumekuwa tukipaka rangi kaburi."

Hapa inatupasa tuseme ukweli kuhusu sisi wenyewe. Mwaka uliotangulia sisi ndio tuliokaa na kikundi hiki kuandika ombi la msaada. Tuliorodhesha mashine ya kusukuma mashua, majaketi ya kuokolea, masanduku ya barafu. Tulijaza karatasi nyingi. Hakuna hata mmoja wetu aliyepanda ndani ya mashua akashika kapi akalitikisa. Na baada ya ajali tulikosea tena. Kwa haraka ya kuwarudisha watu kazini, tulinunua mjini bolti mbili na pingu nne za chuma, zile pete zenye umbo la kiatu cha farasi na pini yake, ambazo mafundi wengine huziita shakeli. Ziling'aa sana, bei ilikuwa nzuri, tukajisifu. Kabla ya kusi kwisha zilikuwa zimebadilika rangi ya chungwa, na pini ya pingu moja ilishikana na kutu hadi ikabidi ikatwe kwa msumeno. Fedha ilikuwa ya kikundi.

Ndipo wazee wakatuma mtu amwite fundi mmoja aliyejifunza kazi Matondoni, kile kijiji cha kisiwa cha Lamu kinachojulikana kwa kuunda majahazi. Alikuja mwezi wa Juni, bahari ikiwa mbaya na vyombo vingi viko juu. Walikuwa wameipandisha mashua kwa maji ya bamvua. Mzee alikaa siku mbili bila kutoboa kitu. Alikuwa anatazama tu na kugonga. Vijana wakaanza kunung'unika kwamba analipwa kwa kutazama.

Aliwaambia wauteremshe mlingoti kwanza. Hilo peke yake lilizua maneno, kwa kuwa ni kazi na wengine walidhani ubovu uko tezi tu. Lakini roda ya kileleni haionekani mtu akiwa chini. Walipoulaza waliona roda haizunguki kabisa. Pini yake ilikuwa imeshika kutu, na henza kwa muda usiojulikana ilikuwa ikisuguana na gurudumu lililosimama, ikalichimba mfereji upande mmoja. Ndiyo maana tanga lilikuwa zito kupandisha. Watu walikuwa wakisema vijana wa siku hizi hawana nguvu! Na kila walipovuta kwa nguvu zaidi ili kushinda ule uzito, nguvu hiyo ya ziada ilikwenda kwenye ile bolti ya chini. Kifaa kimoja kibovu kilikuwa kinakiua kingine kilichokuwa mbali nacho.

Mzee alikuwa na vitu vitatu tu vya kukagulia: nyundo ndogo, bisibisi kuukuu iliyochongoka, na vidole vyake. Kwa nyundo aligonga ubao kuzunguka kila chuma. Ubao mzima hulia, ubao uliooza hujibu kama unagonga godoro. Kwa bisibisi alichoma pale penye sauti mbaya. Kwa vidole alishika kila kapi, akasukuma gurudumu lake kushoto na kulia. Likicheza sana juu ya pini, ama tundu limepanuka au pini imelika. Akatoa pini zote. Tulijifunza kwamba pini haiharibiki sawasawa. Hulika upande mmoja, ule unaobeba mzigo, na ukiitazama kutoka upande mwingine utaapa ni mpya. Kwa hiyo izungushe mkononi. Mafundi wengi hukataa chuma kilichopoteza sehemu moja katika kumi ya unene wake. Mzee hakuwa na kipimo. Alipitisha ukucha, akiona unazama anakitupa kando.

Aliangalia pia matundu. Tundu la bolti linapaswa kuwa la duara. Likiwa refu kama yai, bolti imekuwa ikitembea, na ukiikaza nati leo itakuwa imelegea tena kesho kutwa.

Mwisho wa siku ya pili alipanga vitu mchangani mafungu matatu: vya kurudi, vya kutengenezwa, vya kutupwa. Tunawaomba mfanye hivyo hivyo kwenu, hata kama ni mashine ya kusaga. Fungu la kurudi lilikuwa kubwa kuliko tulivyoogopa.

Hapa ndipo panapokuja swali la kichwa cha mazungumzo yetu. Kutengeneza au kubadilisha? Jibu la haraka la watu wengi ni kununua vipya vyote kama fedha ipo, na kutofanya lolote kama haipo. Yote mawili si sawa. Yale makapi mawili ya jarari yalikuwa ya mti mgumu, mazito, ya kuchongwa kwa mkono. Mmoja wetu alishauri yatupwe yaletwe ya kisasa. Mzee alikataa. Nyumba ya kapi ilikuwa haina ufa. Kilichokwisha ni gurudumu na pini, vitu viwili vidogo. Fundi wa jua kali mjini alichonga magurudumu mapya ya nailoni ngumu, na pini za chuma kinene. Mara ya kwanza magurudumu yalikuja yamebana vizuri sana, tukafurahi. Baada ya kulowa siku chache yakakwama. Nailoni hunywa maji ikavimba kidogo. Ikabidi yarudishwe mashineni yapunguzwe. Basi mkichongesha gurudumu la nailoni, acheni nafasi pande zote, na upana wa mfereji wake uwe mkubwa kidogo kuliko unene wa kamba. Kamba isiyotosha kwenye mfereji hupanda ukingoni na kujikata.

Lakini bolti iliyolika haitengenezwi. Pingu iliyopanuka mdomo hainyooshwi kwa nyundo ikarudishwa kazini. Kuna vijana huchomelea chuma kilichokatika, wakasugua kwa msasa, wakapaka rangi ya fedha. Kwa lango la boma la mbuzi, sawa. Kwa kitu kinachoning'iniza foromali juu ya kichwa cha mwana wa mtu, hapana. Hapo hatuna maneno mengi.

Sasa kuhusu kununua, maana hapo ndipo sisi tulipoangukia. Mtu wa dukani akikuambia "hii haipati kutu", muulize ni ya namna gani. Chuma kilichopakwa zinki kiko cha aina mbili. Kimoja kimezamishwa kwenye zinki ya moto. Hicho huwa na rangi ya kijivu iliyofifia, uso wake una mabaka na si laini sana, na tabaka la zinki ni nene. Kingine kimepakwa kwa umeme, kinang'aa kama sufuria mpya, na tabaka lake ni jembamba sana. Sisi tulinunua kinachong'aa. Kwa maji ya chumvi nunueni kilichozamishwa. Kina sura mbaya, lakini kinadumu.

Chuma cha pua ni kizuri zaidi, na ghali zaidi, na hata hicho si kimoja. Kuna namba 304, ambayo ni ya jikoni, na 316, ambayo imeongezewa madini ya molibdeni na huvumilia chumvi vizuri zaidi. Msidanganyike na kipimo cha sumaku. Zote mbili kwa kawaida hazishikwi na sumaku, kwa hiyo sumaku haiwezi kuwaambia ipi ni ipi. Tazameni kama namba imegongwa juu yake. Tena chuma cha pua kina siri: kinahitaji hewa ili kijilinde. Kikizibwa ndani ya ubao uliolowa, maji yamesimama, hewa haipiti, nacho huliwa kwa vishimo vidogo vidogo visivyoonekana nje. Ndiyo kusema hata bolti ya 316 itolewe na kutazamwa.

Skrubu za shaba ya manjano, kama ile ya koki za maji, zisitumike mahali pa mzigo. Maji ya bahari huinyonya zinki iliyo ndani yake, ikabaki na wekundu wekundu, na nguvu imekwisha. Na msichanganye madini ovyo. Ukiweka washa ya shaba juu ya bolti ya chuma, maji ya chumvi yakipita kati yao umetengeneza betri, na katika betri hiyo anayeliwa ni chuma. Bolti, nati na washa ziwe za aina moja.

Mama mmoja ameuliza hapa: mbona mnasema habari ya chuma tu, na ubao je? Ameuliza vizuri, kwa sababu kazi kubwa ilikuwa kwenye ubao.

Ile boriti haikutolewa. Mzee alichimba lile tundu jeusi mpaka akafika kwenye ubao mzima wenye rangi yake. Tundu lilikuwa kubwa kuliko tulivyotarajia. Akachonga kizibo cha mti mgumu, akakipigilia humo kwa gundi ile ya mikebe miwili inayochanganywa, akaacha ikauke siku mbili. Halafu bolti mpya hakuipitisha hapo. Alisogea kama shibiri moja pembeni, kwenye ubao ambao haujawahi kutobolewa. Chini ya boriti akaweka kipande cha ubao mnene wa mvule, kipana kuliko kiganja, ndipo washa kubwa, ndipo nati. Ubao huo wa kuegemea ndio unaogawa nguvu. Bila huo nati hujizamisha ndani ya ubao kidogo kidogo kila wimbi likipiga, na mkiona imelegea mnaikaza, inazama tena, hadi siku inapopita upande wa pili.

Kisha kuziba. Alisokota pamba, akailowesha mafuta, akaizungushia shingo ya bolti kabla ya kuishusha, kama anavyopiga kalafati. Siku hizi kuna dawa za kuziba za kwenye mirija na ni nzuri pia. Muhimu ni kwamba kitu cha kuzibia kiwepo kabla ya kukaza, si kupakwa juu baadaye. Na wakati wa kukaza mmoja akae juu ashike kichwa cha bolti kisizunguke, mwingine awe chini azungushe nati. Ukizungusha bolti unaivuruga pamba yote na maji yanapata njia.

Jambo lililotushangaza zaidi kwa upande wa ubao ni hili. Sote tulidhani adui ni bahari. Mzee alisema maji ya chumvi hayaozeshi ubao upesi. Yanayouozesha ni maji matamu ya mvua. Masika, mashua ikiwa imepandishwa, mvua inajaa, inaingia kwenye kila tundu la bolti lisilozibwa, inakaa humo. Ndiyo maana mabaharia wa zamani waliosha sitaha kwa maji ya bahari na hawakupenda chombo kikae na maji ya mvua. Basi mashua ikiwa juu ifunikwe kwa makuti au turubai, upande wa tezi na omo uache hewa ipite, na kizibo cha chini kitolewe maji yatoke.

Kamba tutaigusa upesi, maana wavuvi mnaijua kuliko sisi. Nailoni hunyumbuka, inafaa kwa nanga, haifai kwa jarari kwa kuwa tanga litashuka kidogo kidogo. Kamba ya plastiki ya rangi ni rahisi lakini jua huiua. Ikianza kutoa unga mkononi iondoeni. Fundo hupunguza sana nguvu ya kamba, pengine hadi nusu. Kamba ya kazi nzito isukwe ncha yake ndani ya kamba yenyewe kwenye jicho la chuma. Wazee wanajua kazi hiyo, na vijana wawafuate wajifunze kabla wazee hawajaondoka nayo.

Turudi kwa watu, maana sisi si mafundi, kazi yetu ni watu.

Baada ya mzee kumaliza kukagua kulikuwa na mkutano chini ya mkwaju. Ulikuwa mkali. Kila mmoja alikuwa na wa kumlaumu: nahodha, mweka hazina, sisi wa ofisini. Mama karanga mmoja, ambaye kwa kawaida hasemi sana, aliinuka akauliza, "Nani mwenye kapi?" Watu wakamjibu, kapi ni la kikundi. Akasema, "Najua. Nauliza nani analitia mafuta." Kimya. Mashua ilipokuwa ya mtu mmoja, yeye mwenyewe alikuwa akitia mafuta. Ilipokuwa ya watu 22, kila mmoja alijua yuko mwingine anayefanya.

Walichoamua siku hiyo ni kitu kidogo. Kila chuma kina mtu wake. Roda ya kileleni ina mtu. Makapi mawili yana mtu. Bawaba za usukani zina mtu, nanga na mnyororo wake vina mtu. Wanawake wakasema nao watachukua, wakapewa daftari. Kila baada ya bamvua ya pili, mwenye chuma anakwenda kwa mwenye daftari anasema alichoona: pini imetolewa, imetiwa grisi, imerudishwa. Asipokuja siku tatu, anafuatwa nyumbani. Na tuwaambie, kufuatwa na mama karanga kuhusu pini si jambo la mchezo!

La pili, kila safari yenye samaki, kabla ya mgao, hutolewa fungu dogo linaloitwa la chuma. Hesabu yake iko peke yake, haichanganywi na ya mazishi wala ya karo. Walibishana sana juu ya hili. Wengine walisema mwenye shida ya mtoto hospitalini atanyimwa kwa ajili ya bolti? Ni swali gumu, na hatukuwapa jibu. Wao wenyewe walikubaliana kwamba fungu hilo linaweza kukopwa kwa ugonjwa tu, na lirudishwe kabla ya kaskazi.

Ninyi wa Kwale hamtashangaa na habari hii. Pampu ya Afridev ilijaribiwa huko kwenu miaka ya 1980, na ilibuniwa kwa makusudi kwamba vitu vinavyolika, kama zile bushi za plastiki, viwe rahisi na viweze kubadilishwa na wanakijiji wenyewe kwa vifaa vichache. Waliobuni walikubali tangu mwanzo kwamba kitu kitalika. Sisi kwenye lile ombi letu la msaada tuliandika kana kwamba mashua haitalika kamwe.

Kuhusu ile mashine ya kusukuma mashua, wengi mmeuliza wakati wa chai kama ilipatikana. Haikupatikana. Vijana bado wanaitaka, na hatuwalaumu, kwa maana upepo ukikatika nje ni kazi. Lakini mashine nayo hufungwa kwa bolti kwenye ubao wa tezi, na hutikisika kuliko tanga. Ombi jipya likiandikwa, ubao huo utagongwa kwa nyundo kwanza.

Kijana wa mtulinga amerudi baharini. Bega likibadilika hali ya hewa humuuma. Yeye aliomba mwenyewe apewe bawaba za usukani, ambazo mzee aliziweka kwenye fungu la kutupwa: zote mbili, pini zimelika. Fedha ya chuma ilitosha bawaba moja tu. Wameanza na ya chini, kwa sababu hiyo iko ndani ya maji wakati wote na haionekani mashua ikielea. Ya juu ni ile ile ya zamani. Imetiwa grisi, na usukani umefungwa kamba nene hadi ndani ya mashua, ili bawaba ikikatika usukani usizame. Kila asubuhi kabla ya kutweka, kijana anaining'inia kamba ile kwa uzito wake wote, ndipo anamwambia nahodha haya twende.